Mnusaji na Moshi wa Bibi

Majira ya baridi asubuhi zangu zilikuwa na mpango mmoja. Namwaga majivu ya jiko, nampa ng'ombe majani makavu, nakunywa chai ya maziwa na mkate, kisha nasimama mlangoni nifukizwe na Bibi.

Bibi Burmakan alikuwa hamwachi mtu atoke nyumbani bila kumfukiza. Alitia makaa ya moto kwenye kikaango kidogo cha chuma, akarushia vijitawi vya archa, yaani mreteni wetu wa mlimani, na moshi mweupe ukapanda. Alikizungusha kikaango mara tatu juu ya kichwa changu huku akisema, "Alas, alas, balaa zote zipite kando." Mimi nilibana pumzi mpaka amalize. Koti langu lilinuka moshi hadi darasani, na Talant, aliyekaa nyuma yangu, alikuwa akiuliza kama kwetu wananikausha niwe kitoweo cha akiba.

Zamani Bibi hakuwa hivyo. Alifukiza siku za sikukuu na mtoto anapozaliwa, basi. Alianza kufukiza kila kitu baada ya mdogo wangu Ilgiz kufariki, Februari ya mwaka uliotangulia. Alikuwa na miaka minne. Tangu hapo Bibi alifukiza magodoro, akafukiza ng'ombe, akafukiza hata simu tuliyopigiwa na baba na mama kutoka Moscow walikokwenda kutafuta kazi.

"Sikumfukiza mapema," alikuwa akisema peke yake huku akikoroga chai. "Jicho la hasidi lilinitangulia."

Majirani walidhani nina huzuni, wakawa wananipa peremende kila nikipita. Sikuwa na huzuni. Nilikuwa na ganzi, ile ya mguu uliokaliwa muda mrefu, ila yangu ilikuwa kifuani na haikuachia. Siku ya mazishi wanawake wote walilia kwa sauti, kama ilivyo desturi yetu, nami nikasimama katikati yao nikihesabu vifungo vya makoti yao.

Kuhesabu ndicho kitu nilichokijua. Ilgiz alipoanza kukohoa, muuguzi wa zahanati alinifundisha mimi, kwa sababu macho ya Bibi hayaoni mishale ya saa. "Saikal, mpandishe shati, tazama kifua, hesabu pumzi kwa dakika moja nzima. Zikizidi arobaini, piga simu gari la wagonjwa lije." Nilikaa kitandani kwake, na kila saa niliandika kwenye karatasi ya daftari la hesabu: 36, 38, 38. Ilipofika 41 nilipiga simu. Tukingoja gari niliendelea: 44, 47. Gari liliingia uani nikiwa ndiyo kwanza nimeandika 52. Nilimpa muuguzi karatasi yangu, wakaondoka na Ilgiz, na siku ya tatu akafa hospitalini.

Nilihesabu sawasawa. Sikukosea hata pumzi moja, na haikumsaidia. Kuanzia hapo niliziona namba kuwa kitu cha kupitishia muda tu.

Kwa hiyo Novemba, Mwalimu Kubat aliponichagua nimtunze Mnusaji, nilikubali bila furaha wala kinyongo. "Mwandiko wako ni safi na huna haraka," alisema. Talant akadakia, "Mwalimu, huyo ni mhasibu kamili! Hata akipiga chafya anahesabu."

Mnusaji kilikuwa kifaa kilicholetwa na Daktari Asylkan kutoka mji mkuu. Si daktari wa wagonjwa, ni mtaalamu wa hewa. Mji wetu wa Naryn umelala kwenye bonde jembamba, milima huku na huku, na wakati wa baridi moshi wa makaa ya mawe hauna pa kwenda. Shuleni kwetu mambo yalikuwa mabaya zaidi. Dohani ya boila, tanuru la makaa lililopasha madarasa joto, ilikuwa fupi kuliko mti wa mpopla uliokuwa pembeni yake, na moshi wote uliangukia madirisha ya darasa la kwanza. Watoto wale walikuwa wakisoma silabi moja, kikohozi kimoja.

Wakubwa wa mkoa walikuwa wamesema kwamba mwaka ule shule moja tu ingewekewa boila ya umeme. Wangeitoa kwa kipimo, si kwa malalamiko. Shule ambayo daftari lake lingeonyesha kweli kwamba watoto wanavuta moshi, hiyo ndiyo ingepata.

Siku Mnusaji alipofungwa, Mwalimu Kubat alifunga mapazia ya chumba cha fizikia, akaacha upenyo mdogo. Mwali wa jua ukaingia ubavuni, na ndani yake vumbi likawa linacheza.

"Mnaliona?"

"Tunaliona!"

"Na kabla sijafunga mapazia, lilikuwepo?"

Tukatazamana. "Lilikuwepo, ila hatukuliona," alisema msichana mmoja.

"Mwanga ukiipiga chembe, hutawanyika pande zote," alisema Mwalimu. "Kifaa hiki kinavuta hewa ya nje kwa bomba, kinaimulika kwa taa, kisha kina jicho. Jicho lake haliitazami taa. Linatazama kutoka ubavuni, gizani. Hewa ikiwa safi, halioni kitu, namba inakuwa ndogo. Hewa ikiwa na moshi, mwanga unatawanyika, jicho linauona, namba inapanda. Jina lake ni nefelomita."

"Jina refu hivyo kwa kitu kinachonusa tu!" alisema Talant, na tangu hapo kikaitwa Mnusaji.

Daktari Asylkan alinikabidhi daftari. Kila siku saa mbili na dakika arobaini, kabla ya kengele ya darasa, tena saa tatu, na tena mchana, niandike namba. Mkono wa kulia wa ukurasa kulikuwa na safu ya maelezo. Humo niandike chochote kilichotokea karibu na bomba: gari, ufagio, moto. Na kila Jumatatu nifunge chujio kwenye bomba ili Mnusaji avute hewa safi tupu.

"Siku hiyo namba lazima ianguke karibu na sifuri," aliniambia. "Mbili, tatu, nne, sawa. Ikikataa kushuka, mwambie Mwalimu siku hiyo hiyo. Maana yake jicho limechafuka, linaona moshi hata pasipo moshi, na huwezi kuliamini tena."

Nikaitikia. Novemba na Desemba niliandika vizuri. Asubuhi za kawaida Mnusaji alisema mia mbili, mia tatu. Siku za baridi kali alifika mia sita. Jumatatu alisema mbili au tatu.

Mwaka Mpya wazazi walialikwa shuleni. Walipita chumba cha fizikia kumtazama Mnusaji na taa zake ndogo za kijani. "Kizuri kweli!" "Ghali hiki!" "Shule yetu imepata bahati!" Bibi alisimama nyuma yao, uso umemkunjamana.

"Umeona?" aliniambia tukirudi nyumbani, theluji ikilia chini ya viatu vyetu. "Wanasifu, wanasifu, hakuna hata mmoja aliyetema mate pembeni kufukuza jicho! Kitu cha thamani kama kile mnakiacha uchi mbele ya macho ya watu?"

"Bibi, ni mashine."

"Na gari la baba yako je, si mashine? Halikufukizwa, likaingia mtaroni."

Likizo ilipokwisha, siku ya kwanza ya masomo, Bibi alinisindikiza mpaka shuleni. Alipitia chumba cha boila, akamwomba Mzee Mukash makaa ya moto. Mzee Mukash ndiye aliyekuwa akitunza boila, mtu mpole, amejaa masizi mpaka kope. Alimwita Bibi "mama" na hakuwahi kumnyima kitu.

Mimi nilikuwa ndani, kalamu mkononi, namtazama Mnusaji. Alikuwa anasema 310. Ghafla akasema 480. Akasema 1,900. Akasema 2,750, nami nikainua macho dirishani. Kwenye kioo chenye barafu niliona kitambaa cha kichwa cha Bibi. Alikuwa amesimama chini ya bomba, anazungusha kikaango mara moja, mara mbili, mara tatu, midomo inacheza. Alipomaliza aligonga kioo kwa kidole, akanitazama, akatabasamu.

Nilikuwa sijaliona tabasamu lile tangu Februari.

"Sasa kiko salama," alisema kwa sauti ya kunifikia.

Nilijua la kufanya. Kwenye safu ya maelezo ningeandika: moshi wa archa. Maneno matatu. Lakini nikiandika, Mwalimu angesoma, angemwendea Bibi, angemwambia kwamba dua yake inaharibu kazi. Niliandika 2,750, safu nikaiacha tupu.

Darasa lilipoingia, Talant alichungulia daftari akapiga kelele. "Elfu mbili na mia saba! Jamani, boila ya umeme ni yetu! Mhasibu, leo nakupa kurut zangu zote." Akanirushia vidonge vya maziwa makavu vitatu, kimoja kikiwa kimeumwa tayari. Mwalimu Kubat alikuna kidevu tu. "Makaa waliyotuletea mwezi huu ni mabaya sana," alisema.

Bibi alikuja kila siku kwa wiki tatu. Kila siku saa mbili na dakika arobaini namba iliruka, ikakaa juu kama dakika kumi, ikashuka. Jumatatu ya kwanza nilifunga chujio, nikangoja. Mnusaji hakushuka mpaka tatu. Aliishia 31. Mafuta ya archa, yale yanayonata vidoleni ukivunja tawi, yalikuwa yameingia na moshi yakamganda jichoni.

Niliandika 3.

Jumatatu ya pili alisema 58, nikaandika 2. Jumatatu ya tatu alisema 90, nikaandika 3. Sikutetemeka, wala moyo haukunienda mbio. Nilijiambia: namba ya kweli niliwahi kuitoa, ikanipa nini? Hata hivyo kila nilipoandika ya uongo kwa wino, nilichukua penseli nikaandika ya kweli kwenye fremu ya mbao ya dirisha, ndogo sana, na tarehe yake. Sijui kwa nini nilifanya hivyo. Mkono tu ulikataa kuzitupa.

Jumatano ya wiki hiyo Daktari Asylkan alikuja bila kutoa taarifa. Aliingia saa tatu kasoro dakika tano, mashavu mekundu kwa baridi, akasalimia, akafungua daftari. Mwalimu mkuu alikuja naye, na Mwalimu Kubat akasimamisha somo.

Daktari alipitisha kidole kwenye ukurasa mmoja, kisha mwingine. "Kila siku inaruka saa ile ile, na saa tatu imeshashuka," alisema. "Moshi wa mji haufuati saa ya ukutani." Akachukua chujio, akalifunga kwenye bomba. Tulisubiri. Namba ilishuka, ikashuka, ikasimama.

"Tisini na nne," alisoma. "Juzi Jumatatu hapa pameandikwa tatu. Siku mbili tu, kutoka tatu hadi tisini na nne?"

Mwalimu mkuu alikwenda dirishani, akatazama bomba, akatazama chumba cha boila hatua ishirini kutoka pale. "Mwiteni Mukash," alisema.

Mzee Mukash alikuja amevua kofia, anapangusa mikono kwenye suruali.

"Kila asubuhi saa mbili na arobaini unachoma nini hapa nje?" aliuliza mwalimu mkuu. "Matairi? Umeambiwa na nani utuongezee namba?"

Mzee Mukash alitazama bomba. Akanitazama mimi. Alijua, yeye mwenyewe alikuwa akimwekea Bibi makaa kwenye kikaango. Akatazama chini. Kwetu mtu hamtaji mama mzee mbele ya watu kwa kosa, hata akisingiziwa yeye.

"Labda ni majivu," alisema polepole. "Nisameheni. Labda ni kosa langu."

"Labda! Wiki hii utakabidhi funguo za boila."

"Hilo ni lenu," alisema Daktari Asylkan, akalifunga daftari. "Langu ni hili: siwezi kupeleka kitabu hiki kwa wakubwa wa mkoa. Watasema shule imepika namba. Watawaondoa kwenye orodha."

"Lakini moshi upo kweli!" alisema Mwalimu Kubat.

"Najua upo. Naunusa. Kunusa kwangu si kipimo."

Ukutani, upande wa pili, darasa la kwanza walikuwa wanasoma kwa pamoja. Mtoto mmoja alianza kukohoa na hakuacha. Bila kutaka nikajikuta nahesabu. Nilifika tisa. Mzee Mukash alikuwa anarudisha kofia kichwani, vidole vyake vyeusi haviipati vizuri. Nikasimama.

"Si yeye," nilisema. "Ni bibi yangu. Alimfukiza Mnusaji ili asipatwe na jicho. Kila siku. Na za Jumatatu ni mimi. Nilidanganya mara tatu."

Kuna mtu aliacha penseli ikaanguka.

"Kwa nini, Saikal?" aliuliza Mwalimu Kubat. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Sijui, Mwalimu. Bibi alikuwa anatabasamu."

Bibi hakuwa mbali. Alikuwa kwenye chumba cha boila anakunywa chai, kikaango kando yake bado kina joto. Mzee Mukash alikwenda kumwita, na Bibi akaingia na kikaango mkononi, akatukuta wote tunamtazama.

"Kuna nini? Kimekufa?" aliuliza.

"Hakijafa, mama," alisema Daktari Asylkan, akampisha kiti. "Kimechafuka jicho. Moshi wa archa umeingia."

"Huu si moshi, binti. Hii ni dawa."

"Mama, nami ni mtu wa milima hii. Bibi yangu alinifukiza mpaka siku naondoka kwenda chuo, nikapanda basi nanuka kama mlima mzima. Simcheki mtu. Lakini jicho hili halijui moshi wa dua wala moshi wa makaa. Linaona chembe tu. Kifua cha mtoto nacho ni vivyo hivyo."

Bibi alikiweka kikaango chini. Nilichokuwa nakiogopa wiki zote zile nikadhani sasa kimefika.

"Na mtoto anayekohoa?" aliuliza hatimaye. "Akifukizwa mapema?"

"Mtoto anayekohoa anataka hewa safi, mama. Moshi wowote ungemzidishia."

"Kwa hiyo siku ile... nisingemwokoa kwa kufukiza?"

"Usingemwokoa."

Bibi alijifunika uso kwa ncha ya kitambaa chake. Mabega yakamtikisika. Nilimkimbilia, nikijua nimemuua kwa maneno yangu, lakini alipofunua uso niliona kitu kingine. "Mwaka mzima," aliniambia, "mwaka mzima najiona mimi ndiye niliyechelewa, mwanangu." Akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyetua mzigo wa kuni mlangoni.

Daktari Asylkan alitutazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akauliza taratibu, "Huyo mtoto alikuwa wa mtaa huu? Februari?"

Bibi akatikisa kichwa kukubali.

Daktari alifungua mkoba wake, akatoa jalada, na ndani ya jalada nakala ya karatasi moja. "Watu wameniuliza mara nyingi kwa nini nilimleta Mnusaji hapa, si shule ya mtaa wa juu, maana nao wana moshi," alisema. "Nilikwenda zahanati kuomba vitabu vyao vya majira ya baridi. Vitabu vyote vinasema 'anakohoa', 'anapumua haraka'. Haraka kiasi gani, tangu saa ngapi, hakuna. Halafu nikakuta hii. Jina wamelifuta, sheria ndivyo ilivyo. Mtu fulani alikaa na mtoto saa baada ya saa akaandika. Niliiweka mbele ya wakubwa wa mkoa nikawaambia, moshi ukishuka bondeni, hivi ndivyo kifua cha mtoto kinavyokwenda. Hapo ndipo walipokubali kutoa pesa ya vifaa vinne na boila moja."

Akaiweka mezani. Ilikuwa karatasi ya daftari la hesabu, na mwandiko ulikuwa safi, usio na haraka. 36. 38. 38. 41. 44. 47.

"Ya mwisho ni hamsini na mbili," nilisema kabla kidole chake hakijafika. "Gari lilikuwa linaingia uani."

Daktari Asylkan aligeuka akanitazama, na macho yake yakajaa maji. Nilitaka kumwambia kwamba Ilgiz alikuwa akipenda kuhesabiwa, kwamba pumzi ya kwanza kila mara aliivuta kwa makusudi, kubwa, ili nicheke. Sikuweza. Ganzi iliachia, na iliuma kama vidole vilivyotoka kwenye theluji vikawekwa karibu na jiko. Nililia. Nililia mbele ya darasa zima, kwa sauti, kama walivyolia wanawake siku ile, na Bibi akanishika kichwa akakibana kifuani kwake.

Nilipotulia, Daktari alichuchumaa mbele yangu.

"Sikiliza, Saikal. Namba ya kweli haikuahidi kumwokoa unayempenda. Ingekuwa hivyo, sisi wataalamu tusingekuwa na wapendwa makaburini. Lakini ukiiandika, inabaki, na ipo siku itamfaa mtoto wa mtu mwingine. Ya uongo, hata ukiiandika kwa upendo, inamfungia mtu mlango. Leo ilitaka kumfungia Mzee Mukash, na wale wadogo wa chumba cha pili."

"Nimekuharibia kazi yote," nilisema.

"Ulizijua zile za kweli?"

Nikamwonyesha fremu ya dirisha. Ilibidi ainame sana na kuvaa miwani. 31, 58, 90, kila moja na tarehe yake. Alizisoma mara mbili, kisha akaanza kucheka kimyakimya. "Mwalimu Kubat, njoo uone. Huyu mtoto ameshindwa hata kudanganya vizuri."

Kazi haikuwa imepotea. Dakika kumi za Bibi zilijulikana saa yake, zikakatwa. Uchafu wa jicho ulijulikana umeongezeka kiasi gani kila wiki, ukatolewa kwenye hesabu. Hata baada ya kukata na kutoa, moshi wa makaa ulibaki pale, mia tatu, mia nne, mia sita. Mwalimu mkuu alimwomba radhi Mzee Mukash mbele yetu sote, na Mzee Mukash alisema tu kwamba chai yake inapoa.

Bibi ndiye aliyesimama karibu na mkono wa Daktari wakati anafungua Mnusaji na kumpangusa jicho kwa pamba na spiriti. "Yaani nimekitia mafua," alinong'ona. "Masikini ya Mungu." Kisha akaniamuru nifungue daftari.

"Ile safu tupu, jaza. Andika: Bibi Burmakan, saa mbili na arobaini, moshi wa archa."

"Siku zote, Bibi?"

"Siku zote. Nisije nikaonekana mwizi. Na uandike: kwa nia njema."

Nikaandika siku kumi na sita, moja moja, na kila mstari nia njema. Kwenye mistari mitatu ya Jumatatu nilipiga mstari juu ya namba zangu za uongo, nikaandika zile za fremuni, nikatia sahihi. Talant alisoma juu ya bega langu, na kwa mara ya kwanza hakutania. Aliniwekea kurut mezani, nzima.

Tangu siku ile Bibi hafukizi kifaa wala mtoto. Alitundika kitawi kibichi cha archa juu ya dirisha la Mnusaji. "Kinalinda vile vile," alisema, "na hakitoi moshi." Daktari Asylkan alikitazama, akakiacha hapo hapo.

Vuli iliyofuata dohani ya boila ilibomolewa. Mzee Mukash alifundishwa kutunza boila ya umeme, na ilikuwa ajabu kuona kumbe kope zake ni za kahawia. Jumatatu ya kwanza ya baridi nilifunga chujio kwenye bomba, nikangoja. Upande wa pili wa ukuta darasa la kwanza walikuwa wanasoma silabi zao, na walisoma mpaka mwisho wa ukurasa.

Mnusaji alisema nne. Nikaandika 4.